Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mkutano wa chakula cha mchana wa klabu ya Rotary

Karibu kila wiki hufika mlangoni mwa ukumbi wetu mtu asiyetujua, akauliza kama pale ndani kuna semina, kikao cha chama au kikundi cha kuweka na kukopa. Majibu yafuatayo yameandikwa na mwanachama ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwapokea wageni hao katika klabu moja ya pwani ya Tanzania. Mambo ya historia na kanuni yanazihusu klabu zote za Rotary, ila ratiba na desturi za mezani ni za kwetu, na klabu nyingine inaweza kuwa na zake.

Mkutano huu ni wa nini hasa?

Ni mkutano wa kawaida wa watu wa kazi mbalimbali wa mji mmoja waliokubaliana kukutana siku ileile na saa ileile kila wiki, wale pamoja, wasikilize mada moja, na waamue kazi za kujitolea watakazoifanyia jamii inayowazunguka. Klabu haina wafanyakazi wa kulipwa. Katibu wetu ni mwalimu, mweka hazina ana duka la vifaa vya umeme, na wote wawili huzifanya kazi za klabu nje ya saa zao za kazi bila ujira wowote.

Rotary si jumuiya pekee ya namna hii. Lions, ambayo pia ina klabu nyingi Afrika Mashariki, ilianzishwa mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones wa Chicago, naye alitokea katika kundi la wafanyabiashara waliokuwa wakila pamoja chakula cha mchana. Kwa hiyo meza ya chakula imo katika asili ya klabu hizi.

Kwa nini mkutane wakati wa kula, tena kila wiki?

Jibu lake linaanzia Chicago, nchini Marekani. Tarehe 23 Februari 1905 wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika chumba namba 711 cha jengo la Unity, lililokuwa mtaa wa Dearborn. Chumba hicho kilikuwa ofisi ya Gustavus Loehr, mhandisi wa madini. Wengine walikuwa Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi na mfanyabiashara wa nguo. Harris alikuwa amelelewa katika mji mdogo wa Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo watu walifahamiana kwa majina, na upweke wa jiji kubwa ulimsumbua. Alitaka urafiki wa aina ile ya kijijini kati ya watu wa kazi tofauti. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu na siku nyingine ofisini kwa yule, na kutokana na mzunguko huo likapatikana jina Rotary. Wanachama walipoongezeka ofisi zikawa ndogo, wakahamia hotelini na kwenye migahawa, na huko mkutano na mlo vikashikamana.

Mwanzoni wanachama walipeana biashara wao kwa wao, hadi wakawa na mtu wa kuweka hesabu ya nani kamuuzia nani. Mwaka 1906 wakili mmoja aitwaye Donald Carter alipoalikwa kujiunga aliuliza klabu hiyo inawafaa nini watu wasio wanachama, na swali lake likabadili mwelekeo. Kazi ya kwanza kubwa ya umma iliyofanywa na klabu ile ilikuwa kusaidia kupatikana kwa vyoo vya umma katikati ya Chicago. Mimi huwapenda sana wageni wanaouliza swali kama la Carter siku yao ya kwanza.

Kuhusu saa yenyewe, sababu ni nyepesi. Kila mtu mwenye kazi mjini atakula mchana hata asipokutana na mtu, na jioni ni haki ya familia yake. Hata hivyo si klabu zote zilizobaki mchana. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zipo zinazokutana jioni baada ya kazi na nyingine alfajiri kwa kifungua kinywa, kwa sababu foleni za magari zimeifanya saa ya mchana kuwa ngumu. Klabu ya Nairobi, ya kwanza Afrika Mashariki, ilipata hati yake ya kutambuliwa na Rotary mwaka 1930, na ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 1949.

Ndani ya muda huo kunafanyika nini?

Sisi hukutana Jumatano, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane kamili. Ijumaa haikufikiriwa hata mara moja, kwa kuwa mji wetu husimama kwa ajili ya swala.

Rais wa klabu hugonga kengele ndogo ya shaba iliyo mbele yake, na mazungumzo hukoma. Inasomwa dua fupi isiyofungamana na dini moja, kisha watu huenda kujipakulia chakula kwa mstari, wageni wakitangulia. Watu wakiwa bado wanakula, katibu husoma matangazo: nani anaumwa, nani amefiwa, kikao cha kamati ya maji ni lini, nani amejitolea kupeleka madawati shuleni Jumamosi na gari la nani litatumika. Wageni hutambulishwa mmoja mmoja. Mgeni aliyetoka klabu ya mji mwingine huleta bendera ndogo ya klabu yake na kupewa ya kwetu, na ukutani kwetu sasa zimening'inia nyingi. Baadaye msemaji hupewa dakika ishirini, na maswali dakika kumi. Saa nane kengele hugongwa tena, na mtu anayerudi kazini huondoka bila kuomba radhi.

Muda huo unaheshimiwa kwa dhati. Daktari aliyeacha wagonjwa kwenye foleni na mwenye duka aliyemwachia kijana mmoja kaunta hawawezi kurudi wiki ijayo kama leo wamecheleweshwa nusu saa na hotuba.

Msemaji anatoka wapi, na analipwa?

Halipwi. Hupewa chakula, shukrani na zawadi ndogo ya kumbukumbu. Tumewahi kumsikiliza mtaalamu wa mikoko, mkunga mstaafu, ofisa wa zimamoto, na mvuvi aliyetueleza kwa ramani aliyoichora mwenyewe jinsi samaki walivyohama tangu utoto wake. Mwanachama naye hupewa zamu ya kueleza kazi yake, na mazungumzo hayo ndiyo ninayoyathamini kuliko mengine, kwa sababu unaweza kukaa na mtu miaka mitatu ukijua ni mkaguzi wa hesabu bila kufahamu siku yake inavyokwenda.

Nimesikia watu wanatozwa faini. Ni kweli?

Ni kweli, na hakuna anayedhalilishwa. Klabu ina mwanachama anayeitwa sajenti, ambaye huangalia utaratibu wa ukumbi na kukusanya vijifaini vidogo: simu iliyolia wakati wa mada, beji iliyosahaulika nyumbani, mtu aliyetajwa gazetini bila kuwaambia wenzake. Zipo pia shilingi za furaha, ambazo mtu hutoa kwa hiari yake akisimama kueleza jambo jema lililompata, kama binti kufaulu kidato cha nne au mama kutoka hospitalini salama. Kisanduku huzungushwa, na fedha hizo huenda kwenye miradi. Kwa dakika tano hizo utajua habari za nyumba za watu ambazo usingezipata kwa mwaka mzima wa kupungiana mikono barabarani.

Chakula kinalipwa na nani? Je, michango ya miradi hailiwi mezani?

Swali hili ni la haki, na kila anayeombwa mchango ana wajibu wa kuliuliza. Kila mwanachama hulipia sahani yake, ama kwa kila mkutano ama kwa pamoja na ada. Mgeni wa mara ya kwanza kwa kawaida hulipiwa na aliyemwalika. Ada yenyewe ina sehemu tatu: ya makao makuu ya Rotary International, ambayo klabu hutozwa mara mbili kwa mwaka, Julai na Januari, ya wilaya, yaani kundi la klabu za eneo moja, na ya uendeshaji wa klabu yenyewe. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na siku hiyo ndipo rais mpya anaposhika kazi.

Fedha za miradi huwekwa katika akaunti nyingine kabisa, na shilingi iliyotolewa kwa ajili ya kisima haiwezi kununua wali. Taarifa ya akaunti zote mbili husomwa mbele ya wanachama, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuomba kuona risiti. Kiasi kidogo hakidharauliwi. Mfuko wa Rotary unaogharimia miradi mikubwa duniani ulitokana na wazo alilolitoa Arch Klumph mwaka 1917, na mchango wake wa kwanza, kutoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50.

Je, mtu aliyefunga, au asiyekula nyama, ana nafasi?

Anayo, bila kujieleza. Chakula chetu ni halali, na daima kuna maharage, mboga za majani na samaki. Anayefunga siku za kawaida hukaa mezani na wenzake, na hakuna anayemsogezea sahani kwa mazoea. Mwezi wa Ramadhani mkutano huhamia jioni na kuanza kwa futari: tende, uji wa pilipili manga, kaimati, viazi vitamu na muhogo wa nazi. Wanachama Wakristo nao husubiri adhana ndipo waguse chakula. Hakuna kanuni iliyowalazimisha.

Lazima niwe tajiri au nialikwe?

Utajiri si sharti. Linalotakiwa ni mtu mzima mwenye sifa njema katika kazi yake au katika jamii, aliye tayari kutoa muda. Ni kweli kwamba ada na bei ya mlo vimewazuia watu wema kujiunga, na si sawa kulificha hilo. Ndiyo maana klabu kadhaa zimeacha mlo kamili hotelini zikachagua chai na vitafunio, na ninaona zimefanya vizuri. Kuhusu mwaliko, desturi ni kuletwa na mwanachama, kuhudhuria mara kadhaa kama mgeni, kisha jina kupelekwa kwenye bodi na kutangazwa kwa wanachama kabla ya kupokelewa rasmi. Ambaye hamjui mwanachama yeyote aje mlangoni aseme hivyo. Wako waliojiunga kwa njia hiyo.

Zamani kila klabu ilichukua mtu mmoja tu kwa kila taaluma. Sharti hilo limelegezwa, lakini nia yake bado inafuatwa, ili meza isijae mawakili watupu au wauza nguo watupu.

Na wanawake?

Wamo kwa haki sawa, ila haki hiyo ilipiganiwa. Klabu ya Duarte, jimbo la California, ilipokea wanawake mwaka 1977 na kwa sababu hiyo ikanyang'anywa hati yake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba wanawake hawawezi kukataliwa, na mwaka 1989 Rotary ikaondoa kizuizi hicho duniani kote. Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary International katika mwaka wa 2022 hadi 2023. Katika klabu yetu kamati ya afya imeongozwa na wanawake kwa muda mrefu, na ndiyo kamati inayomaliza kazi zake kwa wakati.

Je, ninaweza kuja kutafuta wateja, au kura?

Hapana kwa yote mawili. Watu wanaofahamiana vizuri hatimaye hupeana kazi, na hilo halikatazwi, lakini kugawa kadi za biashara meza hadi meza kutakufanya uelezwe kwa upole utaratibu wetu. Klabu haifungamani na chama cha siasa wala dini. Kiongozi wa serikali anaweza kualikwa kueleza mpango wa maji au wa barabara. Mgombea hawezi kuja kujinadi.

Katika mashauri ya pesa na zabuni tunatumia maswali manne yaliyotungwa na Herbert Taylor mwaka 1932, alipokuwa akiiokoa kampuni ya Chicago iliyokuwa karibu kufilisika: je, jambo hili ni la kweli, ni la haki kwa wote linaowahusu, litajenga nia njema na urafiki, na litawanufaisha wote linaowahusu? Niliwahi kuona zabuni ya matangi ikirudishwa mezani kwa swali la pili tu, kwa sababu muuzaji alikuwa shemeji wa mwanachama na wengine hawakupewa nafasi ya kutoa bei.

Nikikosa mikutano itakuwaje?

Mahudhurio huandikwa. Kanuni za kawaida zinaruhusu klabu kumwondoa mwanachama aliyekosa mikutano minne mfululizo bila sababu inayokubalika, ingawa mgonjwa, msafiri na aliyefiwa hawaguswi. Aliyekosa kwao anaweza kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine popote duniani, na faida ya utaratibu huu huonekana safarini: mwenzetu aliyempeleka mama yake kutibiwa ugenini, asiyemjua mtu katika jiji lile, alikwenda kwenye mkutano wa klabu ya huko, na kabla ya jioni alikuwa amepata nyumba ya kukaa na mtu wa kumwonyesha njia ya hospitali.

Siku hizi kanuni hazilazimishi kila wiki. Kwa nini ninyi bado mnaendelea?

Mwaka 2016 Baraza la Kutunga Kanuni la Rotary liliziruhusu klabu kujipangia mikutano, mradi isipungue miwili kwa mwezi, na klabu nyingi zimepunguza. Kwetu jambo hili lilijadiliwa kwa muda mrefu, na nitaeleza kilichotufanya tubaki pale pale, kwa maana ndilo jibu ninalotaka lisomwe kuliko mengine yote.

Miaka michache kabla ya hapo tulichangia pampu ya mkono katika shule ya msingi iliyo nje ya mji. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, watoto wakaimba. Miezi minne baadaye pampu ilisimama, na wasichana wakarudia kubeba ndoo kutoka mtoni. Mwenzetu mmoja auzaye mabomba alipita huko kwa shughuli zake, akaifungua pampu, na Jumatano iliyofuata akaweka juu ya kitambaa cha meza, kando ya bakuli la kachumbari, kipande cha mpira mweusi kisichozidi upana wa kizibo cha soda, kimelika upande mmoja. Hakuhutubu. Aliuliza tu kipande kama kile kinauzwa wapi karibu na shule ile, na nani pale kijijini anajua kukibadilisha. Tulikuwa watu ishirini na kitu ukumbini, wote waliochangia, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Wiki iliyofuata mtu alikuja na bei ya vipuri. Wiki ya tatu mwalimu aliyekuwa katibu alileta majina ya wazazi wawili, mama mmoja na baba mmoja, waliokubali kufundishwa ufundi. Wiki ya nne walikwisha fundishwa, na kisanduku cha mipira ya akiba kikawa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwanachama mmoja alipewa jukumu la kupiga simu shuleni kila mwanzo wa mwezi na kutoa taarifa mezani, na anafanya hivyo hadi leo. Tangu hapo hakuna mradi unaopita kwetu bila mtu kuuliza habari za vipuri.

Mkutano ungekuwa wa mwezi, nina hakika kipande kile kingebaki kwenye droo ya dukani. Aibu ya kukosa jibu ilikuwa bado mbichi siku saba baadaye, na kila mmoja alijua kwamba Jumatano atatazamana tena na watu walewale.

Mlo wa watu thelathini unahusiana vipi na kazi kubwa kama vita dhidi ya polio?

Rotary ilianza na chanjo ya polio nchini Ufilipino mwaka 1979, na mwaka 1985 ikatangaza mpango wa PolioPlus. Mwaka 1988, dunia ilipoamua kuutokomeza ugonjwa huo, ulikuwa ukiwalemaza watoto wanaokadiriwa 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Kisha, Februari 2022, Malawi ikatangaza mtoto mmoja aliyepatwa na virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi jirani zilizoendesha chanjo ya haraka.

Kampeni ya namna hiyo huongozwa na serikali na wataalamu wa afya, lakini mchanjaji anahitaji gari la kumfikisha kijijini, maji ya kunywa, na mtu anayeaminika mtaani wa kumtangulia kwenye nyumba ambazo mama anasita kufungua mlango. Mambo hayo hupangwa mezani kwa dakika kumi na watu wanaojua ni nani mwenye gari la wazi na nani ana shangazi katika mtaa ule.

Vijana wana nafasi?

Wanazo klabu zao: Interact kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 18, na Rotaract kwa waliotimiza miaka 18 na kuendelea. Kikomo cha miaka 30 cha Rotaract kiliondolewa. Huja kwenye mikutano yetu mara kwa mara, na miradi yao tunaijadili kama tunavyojadili yetu.

Nikija siku ya kwanza, nifanye nini?

Fika robo saa kabla, kwa maana mazungumzo ya kabla ya kengele ndiyo yanayomwondolea mgeni wasiwasi. Vaa ulivyovaa kazini. Suti, kitenge, kanzu, baibui na sare ya hospitali vyote vimo ukumbini. Mlangoni kuna meza yenye daftari la wageni: andika jina lako, mji unaotoka na kazi yako, upewe beji ya karatasi. Usitafute kiti cha nyuma. Mmoja wetu atakupeleka kwenye meza ya watu wasiofanya kazi kama yako. Utaombwa usimame kujitambulisha, na sentensi mbili zinatosha. Ukitaka kuja tena Jumatano ijayo mwambie katibu kabla hajaondoka, ili hoteli ijue idadi ya sahani.